Kilo za Jumatatu: Ni Mafuta au Ni Maji?

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa vichekesho nipe dakika chache. Nina neno na wenzangu wanaopunguza mwili, na nina neno dogo na walimu wetu pia.

Jambo lenyewe huonekana kila muhula baada ya Jumapili ya kutembelewa. Wiki tatu nzima msichana amejinyima. Mkate wa asubuhi anampa jirani, githeri anaila kwa kuhesabu punje. Halafu mama anafika kutoka Runyenjes au Nkubu na kikapu: chapati, mukimo, kuku wa kukaanga na soda. Nani angekataa? Mimi nisingekataa. Jumatatu asubuhi anakimbilia mizani ya zahanati, nayo inaonyesha kilo 2 zaidi. "Ai, nimenona!" Kuanzia hapo chakula cha mchana hagusi, cha jioni hagusi, na Jumatano anaanguka gwarideni.

Maoni yangu ni kwamba kujiadhibu huku hakuna maana, na hesabu yenyewe inakataa. Inakadiriwa kuwa kilo 1 ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Ili uipate kwa siku moja, yakubidi ule hizo 7,700 juu ya zile 2,000 na ushei ambazo mwili wa msichana wa umri wetu hutumia kila siku. Tuseme chapati moja nzito ina kalori 300. Basi ni chapati 25 na kipande, juu ya chakula chako cha kawaida! Kwa kilo 2, ni zaidi ya 50. Namjua mlafi mmoja wa Kidato cha Pili ambaye ningemwamini na kumi, lakini si hamsini.

Sasa hizo kilo zimetoka wapi? Nyingine ni chakula chenyewe, maana mukimo haukosi uzito kwa kuwa umeingia tumboni, na huchukua siku moja au zaidi kutoka. Nyingine ni maji. Chumvi ya kuku yule huufanya mwili uzuie maji. Tena, aliyekuwa akijinyima alikuwa amepunguza akiba ya wanga iliyo katika ini na misuli. Akila chapati akiba hujazwa, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. (Ndiyo maana pia wiki ya kwanza ya kujinyima kilo hushuka haraka, tukashangilia. Nyingi ya zile zilikuwa maji vilevile.) Na sisi wasichana tunajua jinsi mwili unavyovimba kidogo siku za mwezi zikikaribia. Lita 1 ya maji ni kilo 1, basi.

Wenzangu mnaotoka Rukuriri, Mungania au Githongo, mmebeba majani chai mgongoni. Majani yaliyonyeshewa huwa mazito, na karani wa kituo humtazama kwa jicho kali anayeleta mfuko unaochuruzika, kwa sababu anajua mizani itapima na mvua. Hakuna anayesema ati shamba limepanuka. Mbona miili yetu tunaisomea mizani kwa upumbavu ambao hatuwezi kuufanya kwenye chai?

Kinachonisikitisha zaidi ni hiki. Ukila kama kawaida, maji yale hutoka yenyewe kwa siku chache. Lakini aliyeshinda njaa akipanda mizani Alhamisi na kukuta zile kilo 2 zimekwenda, huamini kwamba ni njaa iliyomwokoa. Kumbe zingekwenda tu! Basi mwezi ujao anarudia, tena kwa siku nyingi zaidi. Ijumaa njaa inamshinda, anavamia mandazi ya kantini, na Jumamosi analia tena. Hesabu za Jumanne na Jumatano hakuzisikia kabisa, kwa maana alikuwa amelala juu ya dawati. Zile chai za kuharisha zinazouzwa mjini nazo hutoa maji tu, na senti zako.

Walimu wetu wapendwa, ombi langu ni kwamba mizani ya zahanati ifungiwe. Matroni atupime mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya uji, na anayehitaji kweli kupungua ashauriwe na muuguzi. Wengi wetu hatuhitaji. Bado tunakua, na uzito wetu unapaswa kupanda. Na mizaha ya darasani kuhusu nani mnono ikome, hata inapotoka mbele ya ubao.

Nawe uliyeficha chapati mbili sandukuni tangu jana, usizitupe kwa hasira. Moja inywee chai, nyingine niletee.