Seng'enge Isiyoonekana Kutoka Angani

Mwenye macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Lakini lipo jicho la juu mno ambalo halina budi kuambiwa. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Landsat zimeipiga dunia picha, na kwazo twaona jinsi Ongata Rongai na Kitengela zilivyozimeza nyika za Kaputiei. Hata hivyo, katika nyingi ya picha hizo nukta moja ni uwanja wa mita 30 kwa 30. Mtaa waonekana, uzi wa seng'enge hauonekani.

Nao uzi huo ndio uwazuiao nyumbu watokao Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, pamoja na ng'ombe wa mfugaji wakati wa kiangazi. Ndiyo maana mwaka 2004 wakazi wa Kitengela, wakishirikiana na watafiti wa ILRI, walizipima seng'enge kwa miguu, chombo cha GPS mkononi.

Basi wapangao ardhi ya Kajiado wasiridhike na picha za ofisini. Kabla ya shamba kukatwa vipande na kuuzwa, mfugaji na aulizwe mifugo itapita wapi. Njia iliyokwisha kuzibwa haifunguliwi kwa majuto.