Nauli Nafuu na Lugha ya Tiketi

Tangu shirika la Jambojet lilipoanza safari zake mwaka 2014, usafiri wa anga nchini si anasa ya wakubwa pekee. Mwalimu wa Wote au mwanafunzi wa Mwingi, akishafika Nairobi kwa matatu, aweza kuwa Mombasa baada ya saa moja hivi angani. Hilo ni jema.

Hata hivyo, abiria wa ndege za bei nafuu wana malalamiko. Nauli ya chini kabisa hununua kiti tu. Mzigo wa ziada na mabadiliko ya tarehe hulipiwa kando. Aliyebeba katoni ya maembe ya Makueni huyajua hayo mbele ya mizani, na nafuu ikageuka ghali.

Kwangu mimi, mwanaisimu, kiini cha tatizo ni lugha. Masharti hayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomfaa. Habari isiyoeleweka yamfaa nani? Masharti na yaandikwe kwa Kiswahili pia, tena yasomwe kabla ya malipo.