Nyanya amezeeka, dozi bado ile ile

Tuseme ukweli. Dawa za moyo na presha za wazee wetu huku Kilifi tunazinunua sisi vijana. Nyanya yuko Ganze, mjukuu yuko Malindi mjini. Anapigiwa simu, anaingia duka la dawa na pakiti tupu, "nipe kama hizi", vidonge vinapandishwa matatu. Pakiti ile ile mwaka wa kumi sasa.

Lakini nyanya si yule wa miaka kumi iliyopita. Figo zikizeeka huchuja damu polepole. Digoksini, kwa mfano, hutolewa mwilini na figo, kwa hivyo kidonge kilichomfaa akiwa na miaka 65 kinaweza kumgeukia sumu akifika 80, na hakuna aliyeongeza hata nusu. Halafu kuna kusimama. Kijana akiinuka, mishipa hubana haraka na moyo huongeza kasi. Kwa mzee hilo huchelewa, na dawa ya presha huweza kulichelewesha zaidi. Anaamka alfajiri kwenda msalani, kizunguzungu, puu! Nyonga imevunjika.

Weka juu yake joto letu la Machi. Mzee anameza dawa ya kukojoza, jasho linamtoka, maji hanywi ya kutosha, na magoti yakiuma tunamletea brufeni. Figo zitastahimili vipi? Na brufeni tunauziana kama peremende.

Kuna jingine ambalo hatupendi kulitaja. Digoksini ikizidi, mzee huweza kuchanganyikiwa, hata kuona vitu vya manjano. Hii ni kaunti ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine wakakimbilia makao ya Kaya Godoma. Mzee anayeropoka usiku apelekwe hospitali kabla majirani hawajaanza kunong'ona.

Usimwachishe dawa kwa kichwa chako, hiyo nayo huua. Mpeleke kliniki na pakiti zote, hata za mitishamba, uulize figo zimepimwa lini. Najua nauli ya kutoka Ganze inauma. Ndiyo maana kaunti iwatumie wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha. Wampime mzee ameketi, kisha wampime tena amesimama. Ni dakika chache tu, na hakuna kifaa kipya cha kununua.