Malezi na Elimu: Je, Utafiti Humfungulia Kijana Mlango wa Uhandisi?

Katika nchi ya Marekani, kijana atakaye kusomea uhandisi aghalabu hachaguliwi kwa matokeo ya mtihani mmoja tu, kama ilivyo desturi katika nchi za Afrika ya Mashariki. Vyuo vingi hutazama alama zake za miaka yote ya sekondari, masomo aliyoyachagua, insha zake, barua za walimu na shughuli zake nje ya darasa. Kwa hiyo wazazi wengi wameingiwa na hofu kwamba mtoto asiyefanya utafiti katika maabara kabla ya kumaliza sekondari atafungiwa mlango. Hofu hiyo yafaa ipimwe kabla fedha za nyumba hazijatumika.

Ni kweli utafiti una heshima yake. Tangu mwaka 1942 yako mashindano ya Science Talent Search, ambayo kila mwaka huteua vijana 40 kuingia fainali. Tangu mwaka 1984 uko mpango wa Research Science Institute, unaowakusanya vijana hodari wakati wa kiangazi pasipo kuwatoza ada ya masomo. Chuo cha MIT nacho humruhusu mwombaji kueleza utafiti wake na kuletewa barua ya msimamizi wake. Walakini chuo hicho hicho humruhusu mwingine kuonyesha vitu alivyovitengeneza kwa mikono yake, wala hakimlazimishi mtu kuleta kimojawapo.

Basi chuo cha uhandisi hutafuta nini? Kwanza kabisa hutafuta msingi imara wa hisabati na fizikia. Mwaka 2022 MIT ilirudisha sharti la mtihani wa SAT au ACT, ikieleza kuwa alama hizo, hasa za hisabati, husaidia kumtambua atakayeyamudu masomo yake. Caltech nayo ilirudisha sharti kama hilo mwaka 2024. Tena kiko chuo cha serikali cha Cal Poly, mjini San Luis Obispo, chenye sifa kubwa ya uhandisi, ambacho hakimwombi kijana insha wala barua za walimu. Mahali kama hapo utafiti hauna hata nafasi ya kusimuliwa.

Jamaa za askari zitapenda kujua habari za West Point, chuo cha kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1802, ambacho ndicho kilichotangulia kufundisha uhandisi nchini humo. Mwombaji hana budi kupendekezwa, aghalabu na mjumbe wa Kongresi, kisha ashinde uchunguzi wa afya na jaribio la nguvu za mwili. Akikubaliwa halipi ada, bali baada ya kuhitimu hulitumikia jeshi kwa miaka isiyopungua mitano.

Hatari iliyopo ni biashara. Wako watu wanaowauzia wazazi utafiti: kijana hulipiwa maelfu ya dola, hukaa na msimamizi majuma machache, kisha jina lake huonekana juu ya makala. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana akiulizwa alitafuta nini, alikosea wapi na alijirekebisha vipi, makala yaliyoandikwa na wengine hayatamjibia. Bali aliyepima maji ya kisima cha kijijini kwake, au aliyefungua redio mbovu hata akaijua kasoro yake, analo la kusema.

Jambo jingine wazazi wasilisahau. Fomu ya maombi ya Common App, itumiwayo na vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi ya kuandika kazi ya mshahara na majukumu ya nyumbani. Msichana aleaye wadogo zake mama akiwa kazini, au mvulana auzaye dukani jioni, asione haya kuyaandika hayo.

Kwa hiyo mzazi mwenye fedha kidogo azielekeze kwanza kwenye vitabu na mwalimu wa hisabati. Mtoto akiwa na swali linalomnyima usingizi, na asaidiwe kulitafutia jibu, kwa faida ya akili yake mwenyewe. Akikubaliwa chuoni, swali hilo litamfaa. Asipokubaliwa, elimu aliyoipata hakuna awezaye kumnyang'anya.