Mafua ya mwenye pumu hayamalizwi na amoksilini

Juni na Julai maduka ya dawa ya nyanda za juu, kuanzia Njombe na Mbeya hadi Limuru, hayapumziki. Mteja anaingia amejitanda kitenge, anakohoa kabla hata ya kusalimia, kisha anasema: "Nipe ya kifua." Muuzaji haulizi zaidi. Anahesabu kapsuli za amoksilini, anaongeza chupa ya dawa ya kikohozi na vidonge vichache vya diklofenaki vya kutuliza maumivu. Mteja huyo akiwa na pumu, dawa ya kwanza huenda isimsaidie kitu, ya pili ikamletea usingizi tu, na ya tatu ikamzidishia balaa, maana wapo wenye pumu ambao diklofenaki, aspirini au ibuprofeni huwabana kifua muda mfupi baada ya kumeza. Wiki ya tatu bado anakohoa, na amerudi dukani kuchukua dozi nyingine.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Mtu mwenye mapafu mazima huyamaliza kwa siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chaweza kumng'ang'ania hadi wiki 3. Kwa mwenye pumu mambo ni mengine. Mirija yake ya hewa ilikuwa imevimba kidogo hata kabla ya mafua, na virusi vinapoingia uvimbe huo hupanda. Vinapoondoka, uvimbe unabaki. Mwaka 1995 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa shule wenye pumu, wakakuta virusi katika takriban mashambulizi 8 kati ya kila 10, na vingi vilikuwa virusi vya mafua ya kawaida. Kwa hiyo yale "mafua yasiyopona" mara nyingi ni pumu yenyewe, iliyoamshwa na haijatulizwa.

Cha kuituliza kipo, ila wengi wanakijua nusu. Pampu ya bluu ya salbutamoli, inayofungua mirija kwa saa chache, inajulikana. Pampu ya kuzuia, ile yenye steroidi kama beklometasoni au budesonidi, mara nyingi ya rangi ya kahawia, ndiyo inayoshusha uvimbe, nayo hufanya kazi ikitumiwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaofuatwa na madaktari wengi umeacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana. Anayemaliza pampu za bluu tatu au zaidi kwa mwaka anahesabiwa kuwa hatarini, hata akijisifu kwamba anajimudu.

Halafu kuna lile neno la mtaani: ukizoea pampu, huachi tena. Kwa kuogopa hilo, watu hukimbilia vidonge vya salbutamoli, vilivyo rahisi kupatikana na visivyomwaibisha mtu mbele za wageni. Hesabu yake inashangaza. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na mibonyezo 40 ya pampu ya mikrogramu 100, na dawa hiyo inazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio.

Pampu nayo ina ufundi wake. Mgonjwa anaitikisa, anatoa pumzi, anabonyeza huku akivuta taratibu, kisha anabana pumzi hadi sekunde 10. Wengi hubonyeza halafu ndipo wavute, na dawa inaishia kooni. Kuna chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo ili kuondoa tatizo hilo, lakini si kila mtu anakimudu. Madaktari wa Cape Town, katika utafiti uliochapishwa 1999, waliwajaribu watoto waliobanwa na pumu kwa chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ili pampu ikae bila kuvujisha hewa. Ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Chupa za namna hiyo zimejaa mitaroni Dar es Salaam na Mombasa.

Si kila kifua kibovu ni cha pumu. Yuko aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu, yuko mchimbaji wa Mererani aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka, na yuko mama lishe aliyezeeka juu ya moshi wa kuni. Kwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, antibayotiki ina nafasi yake. Utafiti wa Winnipeg, Kanada, wa mwaka 1987 ulionyesha kuwa inawafaa zaidi walio na dalili tatu kwa pamoja: pumzi kupungua kuliko kawaida yao, makohozi kuongezeka, na makohozi kuwa kama usaha. Na kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu, hata kama mgonjwa aliwahi kutibiwa akapona. Aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena.

Tangawizi, limau na asali havina ugomvi na mtu, mradi mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Kujifukiza ni habari nyingine: mvuke na harufu kali huwabana baadhi ya wenye pumu, na maji ya moto yameshaunguza wengi.

Lawama kubwa inakwenda kwa wapangaji wa afya. Zahanati iliyojaa amoksilini huku haina pampu ya kuzuia inamfundisha mgonjwa kutibu kitu asichoumwa. Pampu hiyo ipatikane karibu na mgonjwa, na kila mwenye pumu aondoke kliniki na karatasi moja iliyoandikwa Kiswahili: dawa ya kila siku, cha kuongeza mafua yakianza, na lini aache kungoja. La mwisho liandikwe kwa herufi kubwa. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, midomo ikibadilika rangi, akianza kusinzia, au pampu ya bluu ikimpa nafuu isiyofika saa 4, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.