Kwete ya Ludara isivuke mpaka ndani ya chupa ya mwingine

Mwezi Agosti 2022, watu zaidi ya kumi walikufa Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa pombe kali yenye sumu. Pombe hiyo haikutoka kwenye mtungi wa bibi kijijini. Ilikuwa ndani ya chupa, ina kizibo, ina lebo yenye rangi za kuvutia. Tangu hapo wachuuzi wengi wa West Nile walipaswa kujua kwamba chupa si dhamana. Hata hivyo, kwete inayopikwa Ludara, wilayani Koboko, ikipata chupa tu mnunuzi huiona imeshakuwa bidhaa ya kuvushwa Oraba kwenda Sudan Kusini, au upande wa Kongo.

Mambo mawili yatenganishwe. Methanoli huua watu pale mfanyabiashara mwenye tamaa anapoongeza spiriti ya viwandani kwenye pombe kali. Kwete ni pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, haikenekwi, na methanoli yake ni kidogo mno kuua. Hatari zake ni nyingine, nazo huanza kwenye unga. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Kwanza palivuma kwamba ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ukaonyesha ni sumu ya bakteria walioota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Basi anayenunua kwete ya kuuza aulize unga ulihifadhiwa wapi kabla ya kuuliza bei.

Hatari ya pili ni gesi, na hapa ndipo wanaoanza kufunga chupa huumia. Kwete haijalala inapotoka mtungini. Hamira bado inafanya kazi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu 4 hivi, kikichachuka chote hutoa karibu lita nzima ya gesi. Iweke gesi hiyo ndani ya chupa ya nusu lita iliyojazwa hadi mdomoni, ifunge kwenye bodaboda, jua la saa saba liichome kutoka Koboko hadi Arua. Chupa ya kioo ikipasuka haimwagi pombe tu, hutoboa jicho la mtu. Ndiyo maana asiye na uzoefu aache kioo. Chupa ya plastiki ya soda imetengenezwa kuhimili gesi, ile nyembamba ya maji haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Povu litulie kwanza, nafasi ya vidole vitatu ibaki juu, na chupa ibonyezwe mara kwa mara: ikiwa ngumu kama jiwe, kizibo kilegezwe taratibu. Chupa ioshwe kwa sabuni hadi shingoni na isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba lisiguswe kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Tarehe ya kufungwa iandikwe, hata kwa kalamu juu ya karatasi. Kwete ni ya siku chache. Kifuniko hakiigeuzi kuwa bia ya kiwandani.

Kisha kuna hili ambalo wachuuzi hulicheka: kujaza kwete ndani ya chupa yenye lebo ya kampuni fulani. Askari wa forodha akiikuta, ni bidhaa bandia, na mzigo mzima uliobebwa nayo unaingia mashakani. Cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, hueleza bidhaa imetoka nchi gani. Hakisemi lolote kuhusu usafi wake. Mama aliyefuata taratibu zote za ushuru bado anaweza kuachwa mikono mitupu pale mpakani.

Lakini lawama zote zisiwekwe kwa mama huyo. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti, likiwemo la chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Wapikaji wa uani hawakuwa na mtaji wa chupa wala mitambo, nao wakaendelea kupika uani. Uganda ilipopiga marufuku pombe kali za vifuko mwaka 2019, ilitazama ukubwa wa kifungashio zaidi ya ilivyomtazama mfungaji mdogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ina Sudan Kusini na Kongo ndani yake, isirudie njia hiyo. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda ni mzigo kwa mpikaji mmoja. Kwa kikundi cha wapikaji ishirini wenye chumba kimoja safi, maji ya bomba na lebo yao wenyewe, inabebeka. Halmashauri ya Koboko ndiyo ianze na chumba hicho, kabla ya kutuma mgambo kumwaga mitungi.

Na wachuuzi, ambao ndio wenye fedha mkononi, wanaweza kuanza siku ya soko inayofuata: wasinunue chupa isiyo na tarehe.