Mtoto Afundishwe Kuipoteza Sarafu

Natamani kila mtoto wa shule ya msingi nchini afundishwe kuipoteza sarafu mbele ya wenzake. Nasema hivi kwa uzito wote, mimi niliyefundisha fizikia sekondari hadi nikastaafu na ninayejua ratiba za shule zilivyobanana. Hisabati wanayo, sayansi wanayo, dini wanayo. Wanachokosa ni somo la namna macho yetu yanavyodanganyika, na somo hilo halina haja ya maabara. Linataka sarafu moja na mikono miwili.

Wa rika langu watawakumbuka watu wa mazingaombwe waliozunguka shule kwa shule. Kiingilio kilikuwa senti chache. Tulisongamana bwaloni, gazeti likageuka noti, vitambaa vikatoka mdomoni kama kamba isiyo na mwisho, kisu kikapita shingoni pa mwenzetu na shingo ikabaki salama. Tulicheka mpaka machozi. Lakini jioni, njiani kurudi nyumbani, mazungumzo yalikuwa ya namna moja: yule bwana ana majini. Hakuna mwalimu aliyetuambia kesho yake kwamba tuliyoyaona ni ufundi, kama ufundi wa seremala, wenye zana zake na miaka yake ya kujinoa. Tuliachiwa hofu ikakua nasi.

Mimi nilibahatika. Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini Tanga, na kutoka kwa mabaharia alijifunza michezo kadhaa ya mkono. Alinifundisha kwa sarafu ya shilingi tano, ile tuliyoiita dala. Unaishika kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, uso wa sarafu ukiwatazama watu. Mkono wa kulia unakuja kuichukua: kidole gumba kinapita nyuma yake, vidole vingine vinaifunika kwa mbele. Hapohapo, ikiwa imefunikwa, unaiachia idondoke kiganjani mwa mkono uleule wa kushoto. Mkono wa kulia unafumba na kuondoka mtupu. Basi, hiyo ndiyo siri yote, na mtoto anaielewa kabla chai haijapoa.

Kuielewa ni kitu kimoja, kuifanya ni kingine. Kazi nzito iko kwenye mkono wa kushoto, ule wenye sarafu, maana unatakiwa ulegee kama mkono wa mtu aliyesahau kuwa anao. Mwanafunzi yeyote huukaza, na mjomba alinigonga kifundo kila uliponikakamaa. Kisha yako macho. Lazima uutazame mkono wa kulia, ule mtupu, na uutazame kwa imani. Ukitupa jicho kushoto hata mara moja, umejiuza. Mjomba aliniambia nisijifanye nimeichukua sarafu. Niichukue kweli, moyoni, halafu mikono itafuata.

Watu husema mkono ni mwepesi kuliko jicho. Si kweli, na anayetaka kuthibitisha amtafute René Lavand. Alizaliwa Argentina mwaka 1928, na akiwa na miaka 9 ajali ya gari ikamnyima mkono wa kulia. Akajifunza karata kwa mkono wa kushoto peke yake, wakati vitabu vya ufundi huo viliandikwa kwa ajili ya watu wenye mikono miwili. Mpaka alipofariki mwaka 2015 alikuwa akiustaajabisha ulimwengu kwa mambo madogo: karata chache nyekundu na nyeusi, au makombo matatu ya mkate na kikombe. Alirudia mchezo uleule polepole, kisha polepole zaidi, huku akisimulia hadithi. Na bado hakuna aliyeona. Mimi sijui fundi mwingine ninayemheshimu kuliko huyo.

Wasomi wamelipima jambo hili. Mwaka 1900 Mmarekani Norman Triplett aliwajaribu watoto wa shule kwa mpira mdogo: anaurusha juu, anaudaka, anaurusha tena, halafu safari ya mwisho anafanya mwendo wa kurusha lakini mpira anabaki nao. Karibu nusu ya watoto walisema waliuona ukipaa na kutoweka hewani. Mwaka 2006 Gustav Kuhn na Michael Land wa Uingereza wakaurudia mchezo wa aina hiyo wakiwa na vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho. Wengi waliotazama waliona mpira ukipanda, ilhali vifaa vilionyesha kwamba macho ya wengi wao hayakwenda kule juu. Yalikuwa usoni pa fundi, yakisoma yeye anatazama wapi. Mpira ule uliumbwa akilini mwao. Nilipokuwa nafundisha mwanga na lenzi niliwaeleza wanafunzi habari hii kila mwaka, na ndiyo waliyoniuliza zaidi nje ya darasa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanikera hadi nikashika kalamu.

Mwaka 1584 bwana mmoja wa Kent, Uingereza, aitwaye Reginald Scot, alichapisha kitabu cha kupinga mashtaka ya uchawi. Hakuwa kasisi; kitabu chake cha awali, cha mwaka 1574, kilihusu kilimo cha hopsi, mmea unaotiwa katika bia. Lakini miaka hiyo wanawake walikuwa wakinyongwa kwa uchawi. Mwaka 1582 peke yake, kijiji cha St Osyth katika jimbo jirani la Essex kilikumbwa na kesi zilizovuma sana. Scot aliwatazama washtakiwa wa aina hiyo na kuona walivyo: wazee, maskini, vilema, wenye ulimi mkali kwa sababu ya njaa. Akaamua kufanya jambo ambalo sijaona mwingine aliyelifanya kabla yake. Alikwenda kujifunza mazingaombwe. Mwalimu wake mmoja alikuwa Mfaransa aliyekaa London, John Cautares, mtu aliyekula kwa jasho la mikono yake. Scot akaandika bila kuficha: jinsi ya kuhamisha sarafu na vitufe, jinsi ya kuchanga karata ukiwa na ile unayoitaka, jinsi ya kujichoma kichwani kwa chuma ambacho ncha yake inarudi ndani ya mpini wenye uwazi, jinsi ya kukiweka kichwa cha mtu kwenye sahani huku mwenyewe yuko hai. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuibeba: kama mtu wa kawaida anaweza kuwafanyia haya kwa mazoezi, mnamnyonga bibi kizee kwa ushahidi gani?

Katika kurasa hizo aliwaombea pia mafundi wenyewe, akisikitika kwamba kutoa siri zao kutawapunguzia riziki. Huo ni moyo. Wakubwa hawakumsikiliza upesi. Mfalme James wa Scotland alimpinga kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1597, na alipokwisha kutawazwa Uingereza, sheria ya uchawi ikakazwa mwaka 1604. Lakini kitabu cha Scot kilibaki, na mafundi wa mazingaombwe wa Kiingereza wanaihesabu kazi ile kuwa miongoni mwa mizizi ya maandishi yao.

Msidhani nasimulia mambo ya Wazungu wa kale. Shangazi yangu alizeeka kijijini, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni kama ya kina mama wote waliopikia mafiga matatu maisha yao yote. Wakaja watu wa kusafisha kijiji, wale ambao sehemu moja huitwa kamchape na kwingine lambalamba. Walichimba nyuma ya jiko lake na kutoa pembe iliyofungwa kitambaa cheusi na shanga. Nilikuwapo, kijana mdogo. Aliyechimba alikuwa amevaa joho lenye mikono mipana. Kabla ya kuinua pembe, mwenzake alipiga ukelele na kuonyesha mwamba wa paa, na uwanja mzima ukatazama juu. Ndipo mkono ulipozama shimoni. Mjomba, aliyesimama karibu nami, aliniminya bega kwa nguvu. Sote wawili tulikuwa tumeona kilichofanyika, kwa sababu sisi tulijua mahali pa kutazama. Tulisema. Hakuna aliyetaka kusikia, kwa maana pembe imeonekana, na kilichoonekana hakina mjadala. Shangazi alilipishwa faini ya mbuzi, kisha tukamhamishia kwetu mjini usiku uleule. Aliishi, namshukuru Mungu. Wenzake wengi Usukumani, na kule Kilifi kwa majirani zetu wa Kenya, hawakupata mtu wa kuwahamisha.

Tuna sheria. Tanganyika iliwekewa sheria ya uchawi mwaka 1928, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya sheria hiyo hadi leo. Karibu karne imepita na panga bado linapita. Mimi sitaki kubishana na mtu juu ya yaliyo ghaibu, kila mmoja ana imani yake. Nasema tu kwamba pembe ile haikutoka ardhini. Ilitoka katika mkono wa joho. Na sindano, nywele na vipande vya kucha vinavyotolewa mwilini mwa mgonjwa, kinywa au pembe ya kuumika ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, nani amekagua kinywa na kitambaa hicho kabla kazi haijaanza?

Ufundi huu ni silaha, na wenye nguvu wameshautumia juu ya Waafrika wakijua wanachofanya. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria Jean Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka bingwa wa mazingaombwe, ili awazidi nguvu, machoni pa watu, wale wacha Mungu waliokuwa na sauti kwa makabila. Machifu walikusanywa katika jumba la maonyesho mjini Algiers. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitoa sanduku dogo, akamwita Mwarabu mwenye misuli aliinue. Akaliinua kwa urahisi. Kisha akamwambia kwamba amemnyang'anya nguvu, ajaribu tena. Safari hii sanduku halikusogea. Chini ya sakafu palikuwa na sumaku ya umeme, na kitako cha sanduku kilikuwa cha chuma. Alipozidi kuvuta, umeme ukapitishwa kwenye mpini, yule mtu akaanguka magoti akilia na kukimbia. Robert-Houdin aliandika kwamba baadaye wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kuwa yote yalikuwa ufundi tu. Sawa. Lakini kwanza waliogopeshwa mbele ya watu wao, tena kwa kanuni ya fizikia ambayo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu angeitambua. Scot alichukua ufundi akautumia kuondoa hofu. Huyu alitumwa kuipanda.

Na mtaani je? Karata tatu, ambayo Wakenya wanaiita pata potea, haina jipya. Upo mchoro wa karne ya 16 unaohusishwa na Hieronymus Bosch: mchezeshaji mezani na vikombe na vitufe vyake, mtu ameinama akishangaa, na nyuma yake mwingine amegeuza uso mbinguni huku mkono ukiiba kifuko cha fedha. Ndivyo ilivyo pembeni ya stendi zetu. Mchezeshaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja, unadhani anatupa ya chini, anatupa ya juu. Ukisita, kijana aliye kando yako anakunja pembe ya karata ya ushindi wakati mwenye karata ametazama kwingine, anakukonyeza. Unaona umepata njia, unaweka nauli yote. Kumbe wale ni kundi moja, na katika mtupo mmoja mkunjo ule umenyooshwa na nyingine imekunjwa. Kitabu cha Kimarekani cha mwaka 1902, kilichoandikwa kwa jina la S. W. Erdnase, kinaeleza mbinu hiyo hatua kwa hatua. Mtoto aliyewahi kukunja pembe ile mwenyewe darasani, mbele ya wenzake wanaocheka, hawezi kuliwa nauli hapo.

Sheikh wa mtaani kwetu aliwahi kuniita baada ya Isha, akaniuliza kama ninayowaonyesha watoto si sihiri. Nilimpa sarafu, nikamfundisha. Alicheka sana, kisha akaniwekea sharti: nisiondoke mahali popote bila kuwaambia watoto kuwa ni ujanja wa mkono. Nimelishika sharti hilo, na nimegundua furaha haipungui. Watoto wanaambiwa, wanafundishwa, na bado wanasema, mwalimu, rudia.

Basi walimu wenzangu mlio kazini, tumieni nusu saa ya kipindi cha michezo au sanaa. Anzeni na sarafu, mje kwenye vikombe vitatu na vitufe vya karatasi. Mtu wa mazingaombwe akija shuleni mkaribisheni, mlipeni vizuri, naye aseme mwishoni kuwa yeye ni fundi. Nanyi wazazi, mtoto akiwaonyesha mchezo wake sebuleni msimwambie aache uchawi. Mwambieni arudie, na mara hii tazameni mkono wa kushoto.